Hedifoni za Kutosikia

Mjomba Kobelo,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo na leo si siku ya kujifunza utovu wa adabu.

Huku tupo. Mvua imechelewa huko Mgeta, lakini mawingu yameanza kukaa mlimani. Mkeo Mama Zuhura ni mzima, ila chakula anakigusagusa tu. Mimi bado naishi Kihonda na kibarua changu ni kilekile, ofisi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Naenda na kurudi kila siku kwa treni ya umeme. Wewe uliipanda mara moja, ukateremka unalalamika kwamba imefika kabla hujamaliza karanga zako.

Nakuandikia kwa sababu nimenunua hedifoni. Usicheke kwanza.

Siku ya kumaliza matanga wazee walinikalisha kwenye mkeka wako, wakanivisha kofia yako, wakatangaza kwamba jina lako nimelirithi mimi, mtoto wa dada yako. Wewe nawe ulilipata hivyohivyo kutoka kwa mjomba wako, kwa hiyo unajua. Ila hukuniambia kwamba jina linakuja na simu! Ukoo mzima unapiga asubuhi, nikiwa kwenye treni, kwa sababu wanajua pale nimekaa tu. Yupo anayetaka kuoza binti, yupo aliyeliwa mahindi na mbuzi wa jirani. Wote wanauliza, "Kobelo, wewe unasemaje?" Nasema nini, Mjomba? Mimi nimesomea makontena.

Zito zaidi ni lile shamba la bondeni. Ni la ukoo wetu, na Mama Zuhura si wa ukoo wetu, na wewe haupo tena. Kaka yangu Rajabu anataka lirudishwe ili alikodishe. Wengine wanasema mama aachwe alime mpaka mwisho wa maisha yake. Neno la mwisho ni la Kobelo, na Kobelo ndiye mimi. Nikimpa mama, kaka atanuna. Nikimpa kaka, mama atatoka mahali alipolima tangu akiwa bibi harusi. Nikaona bora niende dukani.

Duka lenyewe liko mjini, karibu na soko. Dada muuzaji akaniuliza kama nataka hedifoni za muziki au za kuongea na simu. Nikamwambia nataka za kutosikia. Alinitazama, kisha akaanza kushusha maboksi.

Vile vidogo vya kuchomeka masikioni vilinishinda. Cha kushoto kilikuwa kinachomoka nikitafuna tu, cha kulia kikaingia mpaka tundu likauma. Kulikuwa na nyingine nyepesi zenye sponji, hata huhisi kwamba umevaa, lakini zinaruhusu kelele zote za dukani kuingia. Nikaziweka pembeni. Nikachukua zile kubwa zinazofunika sikio lote. Nilipozivaa, soko zima likanyamaza. Zilikuwa laini, zimenikaa vizuri, nikazichukua bila kuuliza mara mbili.

Kosa langu ni kwamba nilizijaribia chini ya feni, na miwani nimeishika mkononi. Kesho yake, hata Ngerengere hatujafika, vikono vya miwani vilikuwa vimebanwa vinaingia kwenye fuvu, na masikio yanatoka jasho. Nikavua miwani, nikawa sioni. Nikavaa miwani, maumivu. Lakini kimya chake, Mjomba! Jirani yangu alikuwa anaangalia vichekesho kwenye simu yake, mimi naona mabega yake tu yanatikisika. Nikasema hapa hata ukoo ukipiga sijui lolote. Nikavumilia hivyo siku kadhaa.

Asubuhi moja nikawa napapasa pembeni ya hedifoni ili nipunguze muziki. Kumbe kitufe kile ndicho kinachopokea simu. Muziki ukakatika, na sauti ya mwanao Zuhura ikaingia karibu kabisa, kama amekaa ndani ya kichwa changu. Akasema, "Shikamoo, baba."

Zuhura, Mjomba. Zuhura aliyenibeba mgongoni. Jina lako ndilo alilokuwa analisalimia, nalijua hilo. Akasema, "Mama anauliza, mvua ikija apande njegere kule bondeni au asipande?"

Hakuuliza habari za ukoo wala haki ya nani. Aliuliza njegere tu. Nikakukumbuka na kile kisimu chako cha tochi, unavyokitoa sikioni na kukileta mdomoni ndipo useme, kisha unakirudisha sikioni mwenzio amekwisha kujibu nusu. Nilikuwa nakucheka. Sasa ningetoa chochote nikusikie ukiniuliza, "Eti umesemaje?"

Nikamjibu. Nilidhani nimemjibu taratibu. Lakini hedifoni zikiziba namna ile, hata sauti yako mwenyewe huisikii. "Apande! Shamba ni lake mpaka afe! Kobelo amesema!" Behewa zima liligeuka. Mtoto aliyekuwa amelala akaamka analia. Nikavua zile hedifoni, uso unawaka, na mama mmoja mwenye kikapu cha maua, bila shaka wa hukohuko kwetu milimani, akanitazama akasema, "Ahsante, baba." Sijui alikuwa anashukuru kwa niaba ya nani. Zuhura naye alikuwa analia kwenye simu.

Dada wa dukani alikubali nibadilishe. Safari hii nilivaa miwani yangu, nikaomba azime feni, nikakaa kwenye kigoda chake mpaka akauliza kama nimehamia pale. Nikaongea peke yangu ili nijisikie. Nimechukua zile nyepesi zenye sponji. Hazibani, hazichemshi masikio, na nikiongea najua naongea kwa sauti gani. Kelele zinaingia, ziingie tu.

Rajabu hapokei simu yangu. Inaniuma, maana ni kaka yangu na hatujawahi kufikishana hapa. Lakini neno limeshatoka, na silirudishi. Jumamosi napanda Mgeta nikalirudie mbele yake, tumekaa chini, ana kwa ana, bila kupiga kelele. Hilo nakuahidi. Akitaka kunigombeza, anigombeze mpaka achoke, nami nitamsikiliza mpaka mwisho.

Nakukumbuka sana, Mjomba. Pumzika. Leo kwenye treni wameliita tena jina lako, na nimeitika.

Kobelo