Mguu Usiokuwepo Unauma

Jumatatu, 3 Machi 2025
Umeanza tena. Lori liliuponda hapa mpakani, daktari akaukata chini ya goti – lakini vidole vyake vinaungua kama vimetiwa jikoni. Nimepiga mayowe mpaka jirani akaja mbio. Ndiyo maana Apio wangu yuko kijijini Buteba. Mama mkwe alimchukua, akasema mtoto hawezi kulelewa kwenye kelele hizi. Kweli. Lakini ni mtoto wangu!

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki, Tororo. Akiror, yule dada wa mazoezi ya viungo, ameniuliza nikiumwa huwa najiambia nini. Nikamjibu: kwa nini mimi, nimekwisha, Apio atanisahau. Akasema alifundishwa na watawa wa Kibudha kule Entebbe: maumivu ni mshale wa kwanza, huo haukwepeki. Maneno hayo ni mshale wa pili, na huo tunajichoma wenyewe.
"Ikikuja usipigane nayo," akasema. "Pumua. Iangalie tu."
Niiangalie! Nilitamani kumrushia gongo langu la kutembelea.

Jumapili, 16 Machi
Dada yangu Felistus kaja baada ya misa, kafura. Eti nimeacha rozari nafuata sanamu za Kibudha. Nikamwambia sijaabudu kitu, nimepumua tu! Rozari hii hapa shingoni.
Palepale mguu ukawaka. Nikafumba macho. Ni moto. Unapanda. Unapanda bado. "Kwa nini mimi" ikapita, sikuifuata. Moto ukaanza kushuka. Sikupiga kelele hata moja.
Kufungua macho – Felistus machozi yanamtoka.
"Haki, Mable, umefanyaje?"
NIMEWEZA! Tumekunywa chai tukicheka kama wasichana.

Jumamosi, 29 Machi
Buteba. Naandika kwenye benchi la mama mkwe. Nimemwambia nimemfuata Apio. Akasema tutaona. Apio mwenyewe alisimama mbali, kwenye mlango wa jikoni.
Na mguu ukachagua saa hiyo! Jasho likanitoka. Nikashika benchi, nikapumua.
Apio akasogea.
"Mguu unauma, Mama?"
"Unauma sana."
"Mbona hulii?"
"Nauangalia upite."
Akafikiri. Kisha akaja akakaa chini, pale pale ambapo mguu ungekuwa, akaegemea goti langu. Tukaungoja pamoja. Umepita!
Mama mkwe ameona yote. Ameingia chumbani. Nasikia sanduku linaburutwa sakafuni. Apio ameinua kichwa – "Hilo sanduku langu la nguo!"