Mguu wa Theluji, Kitanda cha Bellevue

Dada Nekesa mpendwa,

Nakusalimu kutoka mtaa wa Bellevue, huku Kusini jirani na Lesotho, kitandani mwa Mama Furaha, mwenyeji wangu Mkongo, ambaye sasa analala sakafuni. Nilivunjika mguu nikiteleza kwa ski kwenye theluji ya huko Lesotho, na bima yangu ya safari, kama ulivyonionya, haigharamii mchezo huo.

Jana wasusi wa kanisani kwake waliweka mchango wa hospitali juu ya blanketi langu.

“Mwalimu, ku Nairobi mulikosa barafu ku friji?” mmoja alinitania.

Nilicheka nao, kisha nikashindwa kuwatazama. Pengine aibu hii ni kiburi tu, sina hakika.

Mama asijue habari za mguu. Mwambie watu wa huku wananilisha vizuri, maana hilo ni kweli.

Nakukumbatia,
Nafula