Mbunge Asiye Wetu Alikuja Kukuzika

Baba,

Ulinibana ukiwa hospitalini, dripu mkononi: "Siku yangu, mbunge lazima awepo. Sizikwi kimyakimya kama mtu asiye na kwao." Nikakwambia huku Sydney wabunge hawana desturi ya kuja matangani. Ukageukia ukuta. Nikaahidi.

Ulipofariki, nikamwandikia yuleyule uliyemtumia barua kumi na tisa kuhusu kituo cha basi cha Seven Hills kisicho na benchi. Kila mara alikujibu kwa upole kwamba mabenchi ni kazi ya kaunsili, yaani baraza la mji, si ya bunge la Canberra. Nawe, goti likikuuma: "Mbunge ni mbunge. Akae na hao kaunsili wamalizane."

Ofisi yake ikajibu kwamba atakuja. Mjomba Karanja, aliyeshika kipaza sauti, akatenga viti vitatu mbele: kimoja cha mheshimiwa, viwili vya walinzi. Saa nne ikafika, viti vitupu. "Tungoje," akasema. "Waheshimiwa huchelewa." Tukaimba. Tukarudia pambio la kwanza. Nawe ukangoja, kwa subira ambayo hukuwa nayo ukiwa hai.

Mara Mama Chantal, jirani yetu Mrundi, akatoka jikoni mbio akanishika mkono. "Dada, nimekwisha! Yule mzungu niliyempa vikombe aoshe, eti ndiye mbunge!"

Alifika saa tatu, Baba. Peke yake, anaendesha mwenyewe. Alipokuta viti havijapangwa, akapanga, pamoja na vile vitatu vyake. Kisha akaingia jikoni.

Mjomba akamwita mbele kwa sifa ndefu. Nilikuwa natafsiri. Akasema ana jambo la kukiri: mipaka ya maeneobunge imechorwa upya, na mtaa wetu sasa uko kwa mwenzake. "Mzee hakuwa tena mpiga kura wangu. Lakini hakuna aliyewahi kuniandikia kwa bidii kama yeye, na benchi sikumpatia." Akashukuru, akakaa. Dakika mbili. Watu wakabaki wanangoja aanze.

Mimi tafsiri ilinikwama pale kwenye mipaka. Barua ya mipaka ilikuja nyumbani, niliiona, sikuifungua. Wewe ungeifungua. Nimekuletea mbunge wa wenyewe, nikawaza, ahadi moja tu na nimeiharibu.

Kisha kipaza sauti kikanasa mnong'ono wa mjomba: "Hana hata kura moja hapa, na ameosha vikombe!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mazishini, Baba. Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia tu.

Fomu ya kukuondoa kwenye daftari la wapiga kura iko mezani tangu Jumatatu. Inauliza uhusiano wangu na marehemu, na nafasi ya jibu ni ndogo kama kidole. Nitaijaza, naahidi. Lakini leo ungali mpiga kura, na mbunge mpya hajakujua. Kwa hiyo kwanza naituma barua ya ishirini, kwa jina langu na lako, kuhusu benchi. Akijibu kwamba ni kazi ya kaunsili, nitamwambia wakae wamalizane.

Pumzika, Baba. Huko angalau umelala. Huku nimesimama mimi, kituoni, mahali pako.

Binti yako,
Wambui