Kwa Baba, Fundi Vitasa Uliyelala Mlango Bila Kitasa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka ukiwa umelala, viatu vyako vikiwa pale mlangoni, na sisi bado hatujajipanga. Wamenipa mimi, kifungua mimba wako, niandike, eti nimerithi mdomo wako. Mdomo ninao. Cha kusema ndicho kinanichanganya.

Ulikuwa fundi vitasa, na mtaa mzima ulilala kwa raha kwa sababu ya mikono yako. Mtu akipoteza ufunguo, unaitwa wewe. Ulichomeka waya tunduni, ukafumba macho, ukasikiliza, na mlango ukifunguka unamwambia mwenye nyumba, "Karibu kwako," kana kwamba wewe ndiye mwenyeji. Mikono yako ilinuka grisi hata Jumapili kanisani, na Mama alikupitishia kitambaa katikati ya wimbo.

Nyumbani kwako sasa! Mlango ulikuwa unabanwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa, basi. Wageni walisukuma tu wakaingia.

Siku ya kukuzika, mchungaji alisema ulizijua kufuli zote za mjini, lakini ukachagua kulala mlango wazi kwa sababu Bwana ndiye aliyekuwa ngome yako. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nikalia kwa fahari. Mama akaniinamia sikioni: "Kitasa chetu kiko chini ya kitanda, kwenye boksi lake. Kila nikimuuliza ananiambia kesho."

Tangu hapo hatuelewi, Baba. Ilikuwa imani au uvivu? Mdogo wangu seremala anasema tusikuharibie jina, ilikuwa imani. Shangazi, dada yako, anacheka mpaka anafuta machozi: "Kaka yangu mimi? Huyo hata msumari wa kwake alipigiliwa na wageni!"

Halafu Mama akatuongezea lingine. Kumbe ulikuwa mwoga. Wewe uliyetuambia giza halina meno! Kila siku kabla ya kulala ulikaa ukingoni mwa kitanda ukasema, "Bwana Yesu, naogopa. Kaa hapa, mimi nilale." Kisha ukakoroma kabla Mama hajamaliza kuitikia. "Nilikuwa namwonea wivu," alisema. "Yeye ndiye aliyeogopa, na mimi ndiye niliyebaki macho."

Sisi tulidhani mwenye imani haogopi. Nilipomwambia Shangazi hivyo, akanishangaa: "Sasa asiyeogopa atamkimbilia Mungu kwa lipi?" Niliona ananifariji tu.

Ulipoondoka, hofu yako yote ikamwangukia Mama. Paka akipita darini, ni mwizi. Nilimbembeleza ahamie kwangu, akakataa katakata: "Nikihama, baba yenu nitamwacha wapi?" Ndipo seremala akakitoa kile kitasa kwenye boksi akakifunga. Akakifunga kinyume. Tukajikuta tuko ndani sote, familia ya fundi vitasa, tunamwita jirani kupitia dirishani atufungulie. Ungekuwepo ungekaa chini kabisa kwa kicheko.

Alikitoa, akakifunga upya, kikakaa vizuri. Kitasa imara, chaguo lako mwenyewe. Na bado nikija asubuhi namkuta Mama kitini, ufunguo mkononi, macho mekundu, amekonda hadi gauni linamvuka begani. Nilikukasirikia, Baba. Nilisema umeondoka na Mungu wako ukatuachia chuma. Niliogopa tungekuja kumzika na yeye kabla mwaka wako haujaisha.

Wiki iliyopita nilimpelekea sabuni. Nikabisha, kimya. Nikabisha tena. Nilipousukuma mlango, ukafunguka. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake. Nikakimbilia chumbani huku naita, na pale kitandani nikamkuta Mama yuko chali, jua limemfika kifuani, anakoroma kama wewe.

"Mama! Hukufunga mlango!"

Akafungua jicho moja. "Sikufunga?"

"Hukufunga! Ulilala wazi!"

Akafikiri kidogo. "Nilikaa hapa ukingoni, nikasema ile sala ya baba yenu. Hata amina sikumbuki kama niliifikia."

"Sasa ulimwachia Mungu makusudi, au ulisahau tu?"

"Mwanangu, nitajuaje?" akasema, akageukia ukutani. "Nilikuwa nimelala."

Nikakaa chini karibu na boksi lako tupu, nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Sijui ni imani, Baba. Na kwako hatukujua. Ila amelala, na tangu siku hiyo analala, siku nyingine amefunga, siku nyingine amesahau.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye sasa anakoroma kwa niaba yako. Na mimi, binti yako mwenye maneno mengi. Na mwanao seremala, anayeapa kwamba kitasa hakikuwa kinyume. Na dada yako, anayekucheka na kukulilia. Na wajukuu zako, wanaobisha mlangoni kisha wanasukuma bila kungoja, kama ulivyowazoesha.

Bado tunaogopa, Baba, lakini tumeanza kulala. Hatutakusahau kamwe.