Pasi Mbili za Korongo

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimevimba kichwa, na nani atanizuia? Akina mama wa kikundi walikutana kwangu. Nikaitoa pasi mpya ya Korongo kwenye boksi mbele yao wote, ile aliyoniletea mwanangu. Ndege wake anang'aa kwenye mpini utadhani dhahabu. Nikawaambia: hakuna pasi ya Korongo inayotoka kiwandani bila binti yangu kuishika kwa mkono wake. Mkaguzi wa Ubora! Si kazi ya mtoto wa kila mtu.

Ile ya zamani, niliyoanzia nayo maisha ya ndoa, aliiomba mwenyewe. Iwe kumbukumbu ya nyumbani, alisema. Nikawahadithia na hilo. Mtoto anayekumbuka kwao!

Mama Pacha naye alikuwepo, fundi cherehani wa mlango wa pili, mwenzangu tangu mapacha wake wanatambaa. Ndiye wa kwanza kununua Korongo kwa maneno yangu. Wengine wakafuata. Dukani niliwasindikiza mwenyewe. Siku hizi wananiita Mama Korongo. Wanadhani wananitania. Mimi naitika!

Kizuri chajiuza, nikawaambia. Baba watoto akadakia kutoka chumbani: "Kama kinajiuza, wewe unakitembeza mtaa mzima kwa nini?" Wakacheka mpaka machozi. Mwanamume hana adabu yule.

Jumatatu, 9 Juni

Balaa. Mama Pacha kaunguza gauni la bibi harusi. Satini. Lilibaki kupigwa pasi tu. Anasema aliweka kwenye alama ya hariri, moto mdogo kabisa, taa yake ikazima vizuri — halafu pasi ikazidi kupata moto yenyewe kama imepandwa na shetani. Kifuani kabisa mwa gauni, umbo zima la pasi, kahawia. Na harusi Jumapili!

Alikuja ameikumbatia hiyo pasi. Akanikuta barazani na akina mama wa kikundi. Akasema kwa upole, sitamsingizia, kwa upole kabisa: "Hebu muulize binti, Mama Korongo. Labda hii moja ilimpita."

Ilimpita! Mwanangu!

Nikapandisha. Nikamwambia mbele za watu: kitu cha maana kinataka mtu wa maana. Wewe umezoea vya bei rahisi, unadhani na hii unailaza juu ya nguo ukaenda kupiga soga. Mmoja akacheka. Mama Pacha aliuzungusha waya kwenye pasi taratibu, akaondoka.

Chakula hakikupita vizuri leo.

Jumanne, 10 Juni

Mwanangu hapokei simu. Kazi nyingi. Cherehani ya Mama Pacha inalia mfululizo — anashona kifua kipya. Sikwenda kumpa pole.

Jumatano, 11 Juni

Nimeijaribu yangu. Sijui kwa nini, hakuna aliyenituma. Kitambaa cha jikoni, alama ya hariri. Mara ya kwanza safi. Nikaimba! Mara ya pili safi. Nikaiacha kidogo, nikarudi tena — harufu.

Niliichomoa mbio kama mwizi aliyesikia mlango. Kitambaa nimekifukia kwenye pipa, chini ya maganda. Baba watoto akauliza, nini kinanuka? Nikasema maharage.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa mwanangu bila kumwarifu. Ghorofa ya juu, magoti yanalalamika, lakini moyoni najipanga: atanieleza, nitarudi na jibu la kumfunga mtu mdomo.

Mlango ulikuwa wazi. Anapiga pasi blauzi yake ya kazini. Na pasi gani? Ile yangu! Waya ule ule nilioufunga mwenyewe kwa utepe mweusi wa gundi pale ulipochubuka. Juu ya kabati, Korongo mpya ndani ya boksi. Utepe haujaguswa.

"Mama! Mbona hukusema unakuja?"

"Hii ndiyo kumbukumbu?"

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha utotoni, akishikwa na sukari mdomoni. Kisha hakucheka tena. Akaniketisha.

Kumbe kiwanda cha Korongo kilishafungwa. Wao wamebaki na jina na ofisi. Pasi wanatengeneza watu wengine, wa mbali, yeyote anayeshinda tenda. Mwaka huu hawa, mwaka ujao wale. Na hao hao ndio wanaotengeneza zile zisizo na jina zinazotandazwa chini sokoni.

"Sasa wewe unakagua nini?"

"Picha, mama. Wananitumia picha."

Picha! Nami nimewaapia watu kwamba anashika kila moja!

Akasema si zote mbaya. Mzigo uliopita ulikuwa mzuri, kuliko hata hii yangu ya kale — pasi nyepesi, hazili umeme. Huu wa sasa ndio wamebadilisha kijidude cha ndani kinachopima moto, wakaweka cha rahisi. Aliwaambia wakubwa. Wakamjibu jina letu kubwa, litabeba.

"Ulijua, ukaniletea!"

"Kila siku ulikuwa unaniuliza utaletewa lini. Ulishawatangazia watu, mama." Akainamisha uso. "Ningekwambiaje? Na unavyojivuna."

Hapo nilitamani sakafu inimeze. Sikwenda kule kusikia habari zangu.

Nikamweleza ya Mama Pacha. Akashika kichwa. Akaniomba pasi isirudishwe dukani kwanza, mzigo ulipita kwa sahihi yake. Wakubwa watamtoa kafara yeye.

Nimeichukua pasi yangu ya zamani ingali na uvuguvugu, nikaitia kapuni. Hakunizuia. Mlangoni akasema, "Ukimwambia, nitakuelewa." Afadhali angenikataza!

Ijumaa, 13 Juni

Sokoni mtu ameita, "Mama Korongo!" Nimegeukia vitunguu.

Ndege ni yule yule, mpini ule ule. Ndiyo maana sikuuliza. Nimekuwa kama mtu aliyerithi shamba, anasifia mavuno, hajui hata nani siku hizi analima. Na hao akina mama? Wao hawakununua ndege. Walinunua mdomo wangu.

Nimefika hadi kizingitini kwa Mama Pacha. Nikasikia anawaambia mapacha watembee mbali na gauni. Nikarudi.

Baba watoto ananiuliza naumwa? Kichwa, nikamwambia. Si uongo. Kilichovimba hakikosi kuuma.

Jumamosi, 14 Juni

Yuko sebuleni. Mama Pacha. Amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, nimempa chai. Mimi niko chumbani, nasingizia natafuta. Naandika nimesimama.

Amekuja kuniomba radhi! Yeye — mimi! "Nisamehe dada yangu. Nimefikiri sana. Labda kweli niliilaza nikasahau. Si unajua, nimezoea vya bei rahisi." Maneno yangu yale yale, kayabeba wiki nzima, sasa ananirudishia na heshima juu. Na wala hakejeli. Angekejeli ningepumua.

Gauni limekamilika upya. Ile pasi yake ameshaiogopa. Anaomba aazime yangu mpya, apige mara moja tu, kesho asubuhi bibi harusi anavaa. "Yako nzima. Wewe unajua kutunza vitu."

Kabati liko wazi. Mpya mbele, ndege anang'aa. Ya zamani nyuma, na gundi yake.

Ya mbele siwezi kumpa. Hilo nalijua, hata mimi sina roho hiyo. Lakini nikimpa ya nyuma ataniuliza, na nikimjibu namkaanga mwanangu, nisipomjibu yeye anabaki yule mzembe niliyemtangaza barazani.

Nimeitoa ya zamani. Nimefika nayo mlangoni, nikarudi tena kuandika, kama daftari litanisaidia.

Ameiona! Anaita huko, kikombe mkononi, na kicheko kidogo cha kunisamehe: "Ee, Mama Korongo! Si ulisema hiyo binti aliichukua kumbukumbu? Mpya ina nini?"

Nimesema nakuja.