Visiwani Bila Nyanchama

Najma, Doha
Jumapili, 6 Julai 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu huko Bodrum, Uturuki, na natumaini ndege haikukusumbua masikio kama ile ya Nairobi. Mimi ni mzima, ila kuna jambo linalonisumbua.

Mama, sitaweza kuja kesho. Valerie, yule muuguzi mwenzangu aliyekupikia chai ya karak ulipokuwa hapa kwangu, amejifungua kabla ya wakati. Yeye na mtoto wako salama, lakini wodi imebaki bila mtu wa kushika zamu zake, na likizo yangu imeahirishwa. Nimebembeleza, nimekataliwa kwa upole. Msimamizi anasema huenda katikati ya wiki akaniachilia, niwafuate visiwani.

Najua unachosema sasa hivi. Unasema nimekutupa kwenye mashua na mwanamume ambaye hujakubali hata kumwita mkwe. Ni kweli nilitaka wewe na Laban mjuane mahali ambapo huwezi kuaga ukaenda kwa jirani, lakini nilitaka niwe katikati yenu. Hata hivyo hamko wawili tu. Nahodha Jemal alifanya kazi na Laban miaka kadhaa kwenye boti za watalii hapa Doha, ndiyo maana ametualika, na mkewe Sevgi yumo na ndiye mpishi. Vaa lile jaketi la kuelea hata wakikuambia bahari imetulia.

Usirudi nyumbani, Mama. Nakuomba.

Mwanao,
Nyanchama


Kos, Ugiriki
8 Julai 2025

Nyanchama mwanangu,

U mzima? Unakula, au ni ule mkate unaoula umesimama? Mimi ni mzima, na hasira zangu pia ni nzima.

Mashua hii ina matanga mawili na urefu wake ni kama kutoka jikoni kwetu hadi zizini. Wewe unazijua chinsoni zetu, zile heshima za ukwe. Mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, wala mkwe haoni mahali mama mkwe analala. Huku meza ni moja, na njia ya kwenda chooni inapita mbele ya kitanda changu. Siku ya kwanza nilikaa kule mbele kabisa, nimempa huyo mtu wako mgongo, mpaka jua likaniunguza shingo na Sevgi akaniletea kofia huku akicheka. Hatuna lugha ya pamoja, mimi na Sevgi, lakini ametambua kwamba napenda chai.

Laban, lazima nikubali, alielewa bila kuambiwa. Anakula nikishamaliza, ameketi kwenye ngazi uso ukiwa baharini. Akitaka kupita anakohoa kwanza. Amekohoa sana hata nahodha akamuuliza kama anaumwa kifua.

Leo tumevuka kutoka Uturuki hadi hapa Ugiriki, wakatugongea mihuri. Maji ni maangavu, nilikiona kivuli cha mashua yetu chini kabisa kwenye mchanga nikashika kamba, nikidhani tunaning'inia hewani. Ni pazuri, sitakudanganya.

Lakini sijabadilika. Mtu mzima wa miaka yake, na hatujaona mjomba wala dada. Nikimwomba Sevgi kwa ishara amuulize Laban habari za kwao Kitale, Laban anaanza kueleza habari za boti. Sidharau kazi yake. Ninauliza tu ni nani. Njoo umwulize wewe.

Mama yako


Najma, Doha
10 Julai 2025

Mama,

Natumaini shingo imepoa. Huku joto ni la kufungua tanuri, na mimi ni mzima.

Nimekataliwa tena. Sasa wanasema labda niwakute kisiwa cha Symi, na mimi nimeacha kuamini. Endeleeni bila mimi.

Umeuliza Laban ni nani. Nikueleze jinsi nilivyomwona mara ya kwanza. Ilikuwa Ijumaa, kanisani Mesaimeer, tumebanana mpaka ukutani. Mtoto wa mtu alianza kulia, na Laban, aliyekuwa ameketi nyuma, akanyoosha mikono, mama yake akampa, akatoka naye nje ili mama asikie mahubiri. Ijumaa iliyofuata alimchukua mwingine. Wanamjua, wanampa tu. Mimi nilimpenda hapo, kabla hajanisemesha.

Mwanao,
Nyanchama


Symi, Ugiriki
Jumapili, 13 Julai 2025

Nyanchama mwanangu,

Najua umekwisha kupokea simu yake. Ameshuka kukupigia, amerudi, ameketi gatini pale chini na hajapanda mashuani. Sijui umemjibu nini. Lakini nataka usikie na kwangu, kwa sababu ni mimi niliyemtuma.

Ijumaa, tukitoka Kos, upepo ulitukuta katikati. Mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu hata moja, na bado bahari ilisimama kama ng'ombe aliyechokozwa. Mashua ililala ubavu. Sevgi na mumewe walikuwa wakipambana na matanga, na mimi nilikuwa chini, natapika mpaka nikakosa cha kutapika. Nilianguka kutoka kitandani. Kitambaa cha kichwa kiliruka, na gauni lenyewe usiulize.

Laban alishuka. Hakukohoa. Alipiga magoti, akaniwekea mkono mmoja kwenye paji la uso na mwingine nyuma ya shingo, akakishika kichwa changu juu ya ndoo. Nilimwambia aondoke. Nilimwambia kwa Kiswahili na kwa Kikisii. Hakuondoka. Kila baada ya muda aliloweka kitambaa, akanipangusa mdomo, akanipa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, akingoja nimeze. Tulikaa hivyo mchana wote mpaka tukaingia ghuba hii.

Jana ilikuwa Sabato. Nahodha alitaka tuendelee, na Laban akamwomba tutie nanga kutwa nzima ili nipumzike siku yangu. Nilikuwa nimeketi juu, natazama nyumba za hapa zilivyopandana mlimani, za manjano na za rangi ya samli, naye anakunja kamba. Nikamwita. Aibu ilikuwa imekwisha jana yake, sasa ningeificha wapi?

Nikamwambia, "Mkono wako unajua kumshika mgonjwa. Ulifundishwa na nani?"

Akasema, "Na mtoto wangu."

Nilidhani sijasikia. Akaendelea kukunja ile kamba, halafu akaiacha. Akasema ana binti anayeitwa Chelsea, yuko Kitale kwa dada yake Laban, yuko darasa la tatu. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajaanza kutembea. Huyo mtoto alikuwa akishikwa na malaria kila mvua zikianza, na Laban alikuwa akimlea peke yake kabla ya kuja Qatar.

Nikamwuliza, "Nyanchama anajua?"

"Hajui, Mama. Kila Ijumaa nilipanga kumwambia."

Nikamwambia kama hatakueleza yeye, nitakueleza mimi, na nikikueleza mimi ndoa hiyo haipo. Hakubisha hata kidogo. Alilia, mwanangu, nami nikatazama mlima.

Nimeandika yote kama yalivyokuwa. Nijibu.

Mama yako


Marmaris, Uturuki
16 Julai 2025

Nyanchama,

Sikuulizi habari kwa sababu najua si nzuri. Nakuuliza tu kama umekula.

Tumefika mwisho wa safari. Kesho napanda ndege ya Istanbul hadi Nairobi, na Laban anarudi huko Doha. Nina picha nyingi na sina hamu ya kuzitazama. Sevgi amenipa ile kofia.

Simu yako inaita tu. Kama huwezi kuongea, andika neno moja nijue uko hai.

Mama


Najma, Doha
Ijumaa, 25 Julai 2025

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Natumaini ulifika salama, na magoti hayakuvimba kwenye ndege. Mimi ninakula. Ninafanya kazi. Nikitoka zamu, usiku au mchana, ninalala.

Si mtoto anayeniuma. Mtu ana mtoto, mama wa mtoto amekufa, kuna kosa gani hapo? Kinachoniuma ni zile Ijumaa zote. Nilikuwa nikimtazama akibeba watoto wa watu nikisema huyu atakuwa baba mzuri siku moja, na kumbe ni baba tayari, na ananiona ninavyomtazama, na ananyamaza. Nilimwambia hivyo kwenye simu nikakata. Aliporudi sikukubali kumwona.

Jana nilimwandikia anipe namba ya dada yake. Nilitaka kujua kama kuna kingine. Nilipopiga, alijieleza kwa maneno machache: anaitwa Jeptoo, aliolewa na kaka mkubwa wa Laban, kwa hiyo kumbe ni shemeji, ila wanaitana dada. Kabla sijamuuliza lolote akasema mtoto ameng'ang'ania simu.

Mama, yule mtoto hakuniuliza mimi ni nani. Alisema, "Ni wewe, Nyanchama wa Doha? Wodi yako bado iko ghorofa ya nne?" Anajua ninapofanya kazi. Anajua kwamba siwezi kula pilipili. Ana picha yangu kwenye ukuta karibu na kitanda. Baba yake alimweleza habari zangu kila Jumapili, miaka miwili. Mimi peke yangu ndiye niliyefichwa.

 Nikasema nitapiga tena.

Leo nilikwenda Mesaimeer. Laban alikuwa amesimama nje kwenye kivuli cha ukuta, mikono mitupu. Nilimwambia sherehe ya harusi tuliyopanga Desemba haipo. Nilimwambia sijamwacha pia, bali nitakwenda Kitale mwenyewe likizo ikipatikana, na asinisindikize. Akasema sawa. 

Nimefanya vibaya?

Mwanao,
Nyanchama


Nyamira
3 Agosti 2025

Nyanchama mwanangu,

Nimefurahi kuliona jina lako kwenye simu kuliko nilivyofurahia bahari yote. Hapa sote wazima, mvua ipo, na wanawake wa kanisa wamechoka kuniuliza habari za Ugiriki. Nawaambia samaki huliwa na kichwa chake, wanatosheka.

Hukufanya vibaya. Nilipanda ile mashua ili nikuzuie kuolewa na mtu huyu. Sasa sikuzuii, wala sikusukumi. Yeye nimekwisha kumhesabu kuwa mwanangu, kwa sababu mkwe hawezi kunishika kichwa na tukabaki wakwe, lakini hilo ni langu na yeye. Wewe bado hujaamua, na hupaswi kuamua kwa ajili yangu.

Nina ombi moja tu. Usiende Kitale kwa sababu ya huruma. Mtoto wa miaka minane hujua anapohurumiwa, na atakungoja tena baadaye. Nenda kama una nafasi naye moyoni. Kama huna, mwache na picha yako ukutani.

Mama yako


Kitale
9 Desemba 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Kenya hupoa namna hii asubuhi. Sisi ni wazima, nawe natumaini umeacha kubeba maji mwenyewe.

Tutakuja kwako Alhamisi, mimi na Chelsea. Shule zimefungwa na Jeptoo amemruhusu akae mpaka Krismasi. Mtandikie kitanda kilicho karibu na changu. Laban atafika tarehe ishirini, na nimemwambia asije Nyamira peke yake. Aje na kaka yake na wajomba wake, waingie kwa mlango wa mbele, waseme wanachotaka mbele ya baba zangu wadogo. Alipoelewa ninachomaanisha aliniuliza mara mbili kama kweli nimesema na wajomba.

Siku za kwanza hapa hazikuwa rahisi. Chelsea aliponiona hakunikimbilia. Kwenye simu alikuwa mwingi wa maneno, lakini hapa alinitazama kwa mbali, akanifuata jikoni, akanifuata kwenye kamba ya nguo, hasemi. Nami sikumlazimisha. Nilifanya kazi zangu tu, yeye akiwa nyuma yangu.

Jana tulikuwa tunapukuchua mahindi barazani. Akaniuliza bila kuinua macho, "Ukimkasirikia baba, utanikasirikia na mimi?"

Nikamwambia, "Hapana."

Akafikiri. Kisha akasogeza kigoda chake kikagusana na changu, akaendelea kupukuchua.

Mwanao,
Nyanchama