Mtoto wa Sabuni Anatafutwa

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi yale yale, wewe na shemeji na vijana wangu wawili. Mgongo wako je, umetulia, au bado unakusumbua ukiinama kufua? Huku kwetu miili ni mizima. Nasema miili, kwa sababu moyo wangu haujakaa mahali pake tangu mwezi uliopita. Ningepiga simu, lakini najua shemeji akiwa karibu huipokea yeye, na haya si maneno ya kusikika na mtu mwingine. Kama yupo hapo, ikunje kwanza barua hii, uisome akitoka.

Kazini bado niko kwenye kile chumba cha nyuma, natunza picha na filamu za matangazo ya zamani. Tumeletewa bosi mpya, na wafanyakazi wamembandika jina la Bwana Kiporo, maana yeye hapiki kitu kipya. Wateja wamepungua, bajeti imebana, naye anasema tangazo lililokwisha kulipiwa haliozi, ni la kupasha moto tu. Tangazo refu la redio analikatakata, linakuwa vipande vya kusikiliza kwenye simu. Picha ya kalenda ya zamani anaibandikia maneno mapya, inakuwa kampeni ya mwaka huu. Nilikuwa nacheka na wenzangu, mpaka siku aliponituma nimtolee kila kitu cha ile sabuni ya watoto.

Unaikumbuka siku ile. Mtoto aliyekodiwa alilia hadi akatapika, mpiga picha akashika kichwa, na wewe ulikuwa umekaa mapokezi unanisubiri, na mwanao kifuani. Akakwambia, hebu dada, njoo na wako. Tukapewa katoni za sabuni tukarudi nyumbani tunacheka kama wendawazimu. Kwenye paketi waliweka uso wa mtoto peke yake. Wewe walikukata, na kile kidoti chini ya jicho lake wakakifuta, kwa sababu sabuni haiuzwi na doa. Ndiyo maana paketi imekaa madukani miaka yote hii, hata bafuni kwetu imekaa, na Kidoti wetu, aliyeitwa jina la alama hiyo hiyo, ameogea sabuni yenye sura yake mwenyewe bila kujua.

Lakini paketi ni nyembamba, mdogo wangu, na mabango ya barabarani ni mapana. Bwana Kiporo alitaka picha nzima kama ilivyopigwa. Wakaiwasha kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, nikakuona, mkubwa kuliko mlango, umemkumbatia mtoto na kidoti chake, unacheka meno yote nje. Nilikaa kwenye kiti cha mwenzangu. Bosi akatusomea maneno ya kampeni: "Mtoto wa sabuni yuko wapi leo?" Atakayempata mtoto huyo na mama yake atapewa zawadi. Safari hii kidoti kisifutwe, alisema, alama ndiyo itakayosaidia watu kutafuta.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nawaza nyumba mbili, yangu na yako. Binti uliyemzaa wewe nikamlea mimi, aliyekua akikuita mama mdogo. Na mume wako, ambaye hajui kwamba uliwahi kubeba mimba kabla yake.

Nilijaribu kila njia. Nilipeleka picha nyingine, watoto wanene wazuri, wengine mapacha kabisa. Bosi akazisukuma pembeni, akasema hawa wanatabasamu kwa kulipwa, yule mama anacheka kweli. Kesho yake fundi wa picha, yule kijana anayezisafisha kwenye kompyuta, aliniita mezani kwake. Anamfahamu Kidoti, kwa kuwa binti hupita ofisini akitoka chuo. Akaniambia, "Dada, huyu mama wa kwenye picha ni mwanao mtupu. Angalia mashavu, angalia shingo." Nikamwambia watu hufanana. Alinitazama, akaitazama skrini, akarudi kwenye kazi yake. Tangu hapo kila mtu aliponisalimia niliona kama ananichunguza. Nilimkataza Kidoti kupita ofisini, akaniuliza kwa nini, nikamfokea bure.

Mwishowe nikaona afadhali nimwendee bosi mwenyewe. Nilifunga mlango, nikamweleza kwamba yule mama ni ndugu yangu wa damu, ana nyumba yake, na picha hiyo itamvunjia maisha. Nilidhani atanionea huruma. Mdogo wangu, aliruka kwenye kiti kwa furaha! "Kumbe tunaye humu humu!" Akataka nikupigie pale pale. Anataka mje wawili, wewe na mtoto, mpigwe picha mmekaa vile vile, ya zamani na ya sasa ziwekwe pamoja. Nilipomwambia hapana, akanikumbusha kwamba ulitia sahihi na picha ni mali ya kampuni. Akasema kwa upole kabisa kwamba nisipomwonyesha mimi mlipo, watu wenye hamu ya zawadi watamwonyesha. Upole ule ulinitisha kuliko kama angenitukana.

Mabango yataanza kupandishwa mwezi ujao, na mji wako umo. Kuna moja litasimama kwenye njia anayopita shemeji kwenda kazini. Nimeona kwa macho yangu ramani ya mahali yatakapowekwa. Mdogo wangu, mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na bango. Sijui atalipokeaje. Namwogopa, nisikufiche. Akija juu, njoo kwangu na watoto, vyumba vipo, tangu mume wangu afariki nyumba hii imekuwa kubwa mno.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu leo.

Jumapili asubuhi nilikuwa nimemkalisha Kidoti chini, kati ya magoti yangu, namsuka. Yeye alikuwa na simu yake mkononi. Sikujua kwamba ofisi imeshaitoa picha mitandaoni kuwaonjesha watu. Akacheka, akasema, "Mama, hebu ona, mama mdogo yuko kwenye tangazo!" Kisha kicheko kikakatika. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Akauliza taratibu, "Na huyu mtoto, mbona ana kidoti changu?"

Niliendelea kusuka. Nakwambia ukweli, nilishika nywele zake nikaendelea kusuka kwa sababu kama ningeacha, angegeuka, na mimi nisingeweza kuutazama uso wake. Nilimweleza yote nikiwa nyuma yake. Kwamba ulikuwa msichana wa chuo, umri kama wake sasa, na aliyekupa mimba alitoweka. Kwamba baba alisema usikanyage kwake na mtoto. Kwamba mimi na mume wangu tulikuwa hatujajaliwa, na nikakuomba. Akauliza swali moja tu: "Alinitoa kwa kupenda?" Nikamjibu kwamba hilo siwezi kulijibu kwa niaba yako.

Alinyanyuka kichwa kimesukwa nusu. Tangu siku hiyo ananipikia, ananisaidia kazi, ananijibu kwa adabu, lakini hajaniita mama. Hajaniita chochote. Nasikia hatua zake ndani ya nyumba nashtuka, nadhani anafungasha.

Na kweli amefungasha. Leo asubuhi aliniomba nauli na anwani yako. Nilimwambia asubiri nikuandikie kwanza, ujiandae. Akasema andika, lakini nitaipeleka mwenyewe, nitampa mkononi, nimwone akisoma. Sikuweza kumzuia. Kwa hiyo mdogo wangu, aliyekukabidhi barua hii, ukadhani amekuja likizo, anajua. Hajaisoma, lakini anajua. Nywele zake bado zimesukwa upande mmoja, amekataa nimalizie. Mpe chakula, hajala vizuri siku hizi. Halafu mjibu lile swali lake, lolote lile jibu lako. Usimdanganye kwa ajili yangu wala kwa ajili ya shemeji. Na akisema anataka kukaa huko, nitumie neno, nisikae mlangoni bure.

Nisalimie wanangu, na shemeji pia, kwa namna utakayoona inafaa. Barua zangu zote huwa natia sahihi Mama Kidoti. Leo nimeogopa kuliandika jina hilo kabla hamjazungumza.

Inua macho sasa, umtazame.

Ni mimi,
dada yako.